Wati za kwenye boksi na wati za kwenye spika: sabufa, bodi, mtumba au mashine ya ukumbi?

Plagi ya pini tatu bapa tunayochomeka ukutani Tanzania, Kenya na Uganda ina fyuzi ndani yake, na fyuzi kubwa kuliko zote inayowekwa humo ni ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata takriban wati 3,000. Huo ndio mzigo wote ambao plagi hiyo imeundwa kuubeba, iwe ni pasi, birika au jiko. Sasa ingia duka la vifaa vya muziki Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utazame rafu ya sabufa na PMPO zake, yaani wati za kilele zinazochapwa kwenye boksi: PMPO 8,000W, PMPO 12,000W, nyingine 20,000W. Geuza moja utazame nyuma. Waya wake wa umeme ni mwembamba, wa pini mbili, na hitisinki, kile chuma cha kupoza joto, ni kipande cha bati kinachoenea kiganjani. Umeme wa kutosha wati hizo haupiti humo.

Sina ugomvi na sabufa. Nyingine ni vifaa vizuri kabisa kwa kazi yake, na nitasema hivyo mbele. Ninachopinga ni mtu kujinyima miezi kadhaa, au waumini kuchangishana, halafu pesa yote ikaamuliwa na namba ambayo hakuna aliyeipima. Kwa hiyo nitaweka aina za amplifaya zinazopatikana kwa urahisi madukani kwetu ubavu kwa ubavu, kila moja kwa wati zake za kweli, ili ulinganishe vitu vinavyolinganishika.

Wati 50 zinavyofika 500 bila mtu kugusa mashine

Chukua amplifaya ya chaneli mbili inayoweza kusukuma volti 20 safi kwenye spika ya ohmu 8 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa spika). Wati ni volti mara volti, kisha ugawe kwa ohmu: 20 × 20 ÷ 8 = 50. Hizo ni wati 50 kwa kila chaneli, mfululizo, sauti ikiwa safi. Ndizo madukani wanaziita RMS.

Aliyepewa kazi ya kupamba boksi anaanza hapo. Akijumlisha chaneli zote mbili anapata 100. Akiacha wastani na kuhesabu kilele cha wimbi anapata 200, maana kilele cha wimbi laini kina wati mara mbili ya wastani wake. Akidai kwamba spika ni za ohmu 4 badala ya 8, na akachukulia kwamba pawa saplai haitalegea hata kidogo, anafika 400. Akiruhusu sauti ipotoke hadi asilimia 10 badala ya kuishia asilimia 1, anaongeza kama robo nyingine, na hapo boksi linasoma 500W. Mashine ni ileile ya wati 50. Asilimia 10 si jambo dogo kwa sikio: hapo mawimbi yameshakatwa vichwa, besi inakoroma na sauti ya mwimbaji inakwaruza.

Bado hatujafika PMPO. Hatua zote hizo, hata kama zinapotosha, zina hesabu unayoweza kuirudisha nyuma. PMPO haina. Hakuna kiwango cha kimataifa kinachosema ipimwe kwa mzigo gani, kwa muda gani, kwa upotoshaji kiasi gani. Ndiyo maana sabufa mbili zenye transfoma zinazofanana na IC (vile vipande vidogo vya kukuza sauti) zinazofanana zinaweza kukaa rafu moja, hii ikisema 5,000 na ile 15,000. Ukiona PMPO peke yake, bila namba nyingine yoyote pembeni, usiigawanye kwa 10 wala kwa 50 kutafuta ukweli, kwa sababu hakuna kigawanyo. Iruke, utafute ushahidi mwingine kwenye mashine yenyewe.

Tatizo hili si la kwetu wala si la leo. Marekani walifika huku miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, watengenezaji wakishindana kwa wati za vilele na wati za muziki, mpaka tume ya serikali ya biashara, FTC, ikaweka kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1974. Kanuni hiyo ilimtaka muuzaji wa amplifaya ya nyumbani ataje wati za mfululizo, aseme ni kwa ohmu ngapi, ni kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) ngapi hadi ngapi, na ni kwa upotoshaji gani. Kwa nusu karne mwanya ulibaki mmoja: mtengenezaji alijichagulia masharti mwenyewe, alimradi ayataje. Mwaka 2024 kanuni ikarekebishwa ili namba inayotangazwa itokane na masharti mamoja kwa wote: ohmu 8, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, upotoshaji chini ya asilimia 1. Kwa upande wa magari, chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme huko huko Marekani kina kiwango cha hiari kinachojulikana kama CEA-2006: volti 14.4, ohmu 4, upotoshaji usiozidi asilimia 1. Ukiona alama hiyo kwenye amplifaya ya gari, na si ya kubandikwa tu dukani, namba yake inalinganishika na nyingine yenye alama ileile.

Boksi linaloshushwa Dar es Salaam au Mombasa halilazimiki kufuata kanuni ya Washington. Lakini mnunuzi hazuiwi kuuliza maswali yaleyale: ohmu ngapi, upotoshaji asilimia ngapi, hezi kutoka wapi hadi wapi, na chaneli ngapi zilikuwa zinapiga kwa pamoja wakati wa kupima.

Ubavu kwa ubavu

Namba za safu ya mwisho nimezipata kwa kuhesabu volti na ohmu au kwa kusoma karatasi za watengenezaji wa IC. Ni za sauti safi, kwa kila chaneli.

| Kifaa | Kinachosomeka | Cha kuhesabu |
|---|---|---|
| Sabufa ya IC aina ya TDA2030 | PMPO ya maelfu | takriban wati 14, spika ya ohmu 4 |
| Bodi ya TPA3116D2 kwa adapta ya volti 12 | 2 × 50W | wati 8 hivi kwa ohmu 8, chini ya 18 kwa ohmu 4 |
| Bodi hiyohiyo kwa chaja ya laptop ya volti 19 | 2 × 50W | wati 20 hivi kwa ohmu 8, chini kidogo ya 40 kwa ohmu 4 |
| Redio ya gari bila amplifaya ya nje | 4 × 50W | wati 18 hadi 22 kwa ohmu 4 |
| Amplifaya ya NAD 3020 ya mtumba | 20W | wati 20 kamili, ohmu 8 |
| Amplifaya ya ukumbi Crown XLS 1002 | 1,100W | wati 215 kwa ohmu 8, au 350 kwa ohmu 4 |

Tazama mistari miwili ya mwisho. Kuna mashine inayosema 20 na inatoa 20, na kuna nyingine inayosema 1,100 na haijasema uongo, ila 1,100 hiyo ina masharti yake. Nitaifikia.

Sabufa: ifungue, ukweli uko kwenye transfoma

Fundi redio wa mtaani anaweza kukufungulia mfuniko kwa dakika chache. Katika sabufa nyingi za bei ya chini utakuta transfoma moja ya chuma, diodi nne, kapasita mbili kubwa kidogo, na IC tatu zenye miguu mitano mitano zilizobanwa kwenye hitisinki moja: mbili za spika ndogo, moja ya besi. Soma maandishi ya IC. TDA2030 ni mgeni wa kawaida hapo, na ni IC inayoheshimika. Karatasi yake inasema wati 14 kwa spika ya ohmu 4, ikilishwa volti 14 chanya na 14 hasi, upotoshaji asilimia 0.5. Tatu zikifanya kazi kwa pamoja ni wati 42.

Sasa soma transfoma. Ikiwa imeandikwa 12-0-12 na ampea 3, zidisha 24 (yaani 12 na 12) kwa 3 unapata 72. Amplifaya za mtindo huu wa kizamani, zile za daraja AB, hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto. Ukipata asilimia 60 ikafika kwenye spika umepata. Asilimia 60 ya 72 ni 43. Namba mbili kutoka sehemu mbili tofauti zimekutana palepale, na hilo linatosha kukuambia sabufa hiyo ni ya wati 40 na kitu kwa jumla. Ikiwa transfoma imeandikwa ampea 1 au 1.5, hata hizo 42 hazipo, maana IC zitaomba umeme ambao hautoki.

Wengi wanatumia kipimo kingine: kibandiko cha nyuma kinachosema matumizi ya umeme, mathalani 220-240V, 50Hz, 60W. Kipimo hicho kinasaidia, ila kitumie kwa uangalifu. Viwango vya usalama vinapima matumizi ya amplifaya ikitoa moja ya nane ya uwezo wake, kwa kuwa muziki halisi hauombi wati zote muda wote. Una vilele vifupi na mabonde marefu. Kwa hiyo kibandiko cha 60W hakimaanishi mashine haiwezi kufikisha wati 60 au zaidi kwa mdundo mmoja. Kinachomaanisha ni kwamba haiwezi kuwa ya maelfu. Usimwite muuzaji mwongo kwa sababu ya kibandiko peke yake. Changanya kibandiko, fyuzi, transfoma na IC, ndipo useme.

Wati 42 ni ndogo? Kwa sebule, hapana. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 87 hivi ukiipa wati moja na kusimama mita moja. Ukiipa wati 10 inafika 97, ambayo tayari ni kelele ya kumfanya jirani agonge mlango. Mtu wa chumba na sebule anayetaka taarifa ya habari, taarabu ya jioni na mpira wa wikendi anatosheka kabisa na sabufa ya IC tatu, mradi alipie bei ya wati 40 na si ya 12,000. Ukiwekewa mbili mbele yako, chukua nzito, yenye maandishi ya transfoma yanayosomeka na boksi la besi la mbao lisilotikisika. Sizingatii kabisa taa zinazowaka kwa midundo.

Bodi ndogo za daraja D

Hizi ndizo ninazowashauri vijana zaidi kuliko kitu kingine, na ndizo zinazowavunja moyo wengi kwa kosa la adapta. TPA3116D2 ya Texas Instruments ni IC ya kisasa ya daraja D, yaani ya kuwasha na kuzima umeme haraka sana, ndogo, haipati joto sana kwa sababu inapoteza kama asilimia 10 tu ya umeme. Kampuni yenyewe inaandika waziwazi: wati 50 kwa kila chaneli, ohmu 4, volti 21. Na wati hizo 50 ni kwa upotoshaji wa asilimia 10. Anayeuza bodi anachukua "2 × 50W" na kuacha mengine yote, kisha anakupa adapta ya volti 12, ampea 2.

Hesabu yake iko wazi. Amplifaya ya aina hii haiwezi kusukuma kilele kinachozidi volti inayolishwa. Kwa volti 12, wati za juu kabisa ni 12 × 12, ugawe kwa mara mbili ya ohmu. Kwa ohmu 8: 144 ÷ 16 = 9. Kwa ohmu 4: 144 ÷ 8 = 18. Na hiyo ni kabla ya kutoa kinachopotea njiani. Tena adapta nzima ina wati 24 tu za kugawana chaneli mbili. Mtu anafungua sauti, besi inagonga, volti inaanguka, bodi inajizima na kujiwasha. Anaitupa akisema ni feki, na bodi haina kosa lolote.

Weka chaja ya laptop ya volti 19 na ampea 4.74, zile za wati 90 zilizojaa kwa mafundi wa kompyuta. Sasa 361 ÷ 8 ni 45 kwa ohmu 4. Ukitoa upotevu, chini kidogo ya 40 safi kwa kila upande. Kwa bei ya bodi na chaja iliyotumika umepata amplifaya inayoishinda sabufa niliyoifungua hapo juu karibu mara mbili kwa jumla, na safi zaidi. IC inavumilia hadi volti 26, kwa hiyo pawa saplai ya volti 24 inafaa pia, usizidishe hapo.

Kuna toleo la chaneli moja linaloandikwa 100W. Karatasi ya Texas Instruments inakubali 100, kwa spika ya ohmu 2. Nyumbani kwako una spika ngapi za ohmu 2? Kama jibu ni hakuna, usihesabu 100.

Ukitaka nguvu kubwa zaidi kwa mtindo huuhuu, tafuta bodi ya TDA7498: wati 100 kwa chaneli, ohmu 6, volti 36, upotoshaji asilimia 10. Ondoa kama robo ya hizo upate wati safi. Pawa saplai ya volti 36 yenye ampea za kutosha itakugharimu kuliko bodi yenyewe, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Redio ya gari: 50 inatoka wapi

Hapa naweza kueleza kwa kifupi kwa sababu hesabu yake ni ileile kwa redio karibu zote. Gari likiwa limewashwa lina volti 14.4. Ukichukua 14.4 × 14.4 na kugawa kwa ohmu 4 unapata 51.8. Hiyo ndiyo 50 ya "4 × 50W", na inapatikana tu ikiwa wimbi limekatwa vichwa mpaka limekuwa la mraba, yaani mashine imefunguliwa mpaka haitoi muziki tena. Sauti safi huishia nusu ya hapo kinadharia, na ukitoa upotevu ni wati 18 hadi 22. Tazama fyuzi nyuma ya redio: ikiwa ni ampea 10, umeme wote unaoruhusiwa kuingia ni wati 144, na wati 200 za mfululizo haziwezi kutoka kwenye 144. Anayeshindana kwa muziki mnene garini anunue amplifaya ya nje iliyoandikwa kipimo cha volti 14.4 na asilimia 1, na avute waya mnene moja kwa moja kutoka betri. Mwenye gari la kwenda kazini abaki na redio, pesa aipeleke kwenye spika.

Ya mtumba kutoka Ulaya na Japani

NAD 3020 ilitoka mwaka 1978 ikiandikwa wati 20 kwa kila upande. Siku hizi mtu akiona 20 anageuza uso. Lakini zile 20 ni kwa ohmu 8, chaneli zote mbili zikipiga, na kwa midundo mifupi mashine ile ilikuwa na akiba ya karibu mara mbili ya hapo. Iliuzwa dunia nzima na kuzishinda kwa masikio mashine zilizokuwa na namba kubwa kuliko yake. Namheshimu sana mtengenezaji anayeandika namba ndogo na kuificha akiba ndani.

Amplifaya za zama zile, za chapa za Japani na Ulaya, mara nyingi zina namba ya kuaminika kwa sababu ziliuzwa Marekani chini ya kanuni ya 1974 au zilishindana na zilizouzwa huko. Ukikuta iliyoandikwa 40W au 60W kwa ohmu 8, na uzito wake unakulazimu utumie mikono miwili, hiyo ni 40 au 60 ya kweli. Itafanya kazi ambayo sabufa tatu hazifanyi.

Hatari yake ni nyingine kabisa. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani inakula volti 100, na ya Marekani 120. Ukiichomeka kwenye 230 umeiunguza kabla hujasikia wimbo. Soma nyuma, na kama ni hivyo uweke transfoma ya kushusha kwenye bajeti. Kapasita za miaka 40 hukauka. Vitufe vya sauti hukwaruza, hilo ni dogo, fundi anasafisha. Kubwa ni hili: kabla hujaunga spika zako, iwashe, subiri dakika chache, weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye volti za DC, gusisha ncha zake kwenye matundu mawili ya spika. Ikisoma chini ya milivolti 50 hivi, endelea. Ikisoma volti kadhaa, transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zimekufa na zitaondoka na spika yako.

Risiva za sinema za nyumbani, zenye chaneli tano au saba, ziko katikati. Karatasi yake mara nyingi ina namba tatu za mashine hiyohiyo, na kubwa ndiyo inayopelekwa kwenye boksi: ohmu 6, hezi 1,000 tu, chaneli moja ikipiga peke yake. Soma ndogo, ile ya ohmu 8 na hezi 20 hadi 20,000.

Kabla ya ukumbi, spika

Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3, badiliko ambalo sikio linalisikia lakini halishtuki. Ili usikie sauti imekuwa kubwa mara mbili hivi, unahitaji wati mara 10. Sasa weka spika mbili kando: moja inatoa desibeli 87 kwa wati moja, nyingine 97. Ya pili ikipewa wati 50 inalingana na ya kwanza ikipewa 500. Mtu akiniambia ana pesa ya kuongeza wati kutoka 100 hadi 200, namwambia akatafute spika yenye desibeli zaidi. Namba hiyo imeandikwa nyuma ya spika nyingi au kwenye karatasi yake, na wauzaji hawaisemi kwa sababu wateja hawaiulizi.

Mashine ya ukumbi

Hapa ndipo pesa za watu wengi huwekwa mezani kwa pamoja, na ndipo ninapoomba uangalifu zaidi.

Crown XLS 1002 niliyoiweka kwenye jedwali inaandikwa 1,100W. Karatasi yake inaeleza bila kuficha: wati 215 kwa kila chaneli kwa ohmu 8, 350 kwa ohmu 4, 550 kwa ohmu 2. Ile 1,100 ni chaneli mbili zimeunganishwa kuwa moja, kwa spika ya ohmu 4. Sasa weka pembeni spika ya JBL JRX215, ya inchi 15, ohmu 8, desibeli 98. Nayo ina namba tatu: 250, 500 na 1,000. Ya kwanza ni mfululizo, ya pili ni ya muziki, ya tatu ni kilele. Anayesoma namba kubwa za pande zote mbili anaona 1,100 na 1,000 na kudhani spika moja inamaliza amplifaya nzima. Anayesoma namba zinazofanana masharti anaona 215 na 250, na anajua spika mbili, moja kila upande, zinakaa sawa kabisa na mashine hiyo.

Je, zinatosha? Wati 215 zinaongeza desibeli 23 juu ya 98: 121 kwa mita moja. Kila umbali ukiongezeka mara mbili nje ya jengo unapoteza 6, kwa hiyo mita 16 unabaki na 97. Hivyo ni vilele. Sauti ya wastani itakuwa chini yake. Kwa mahubiri, mawaidha, shughuli ya harusi na kwaya ya watu wasiozidi mia mbili, zinatosha na kubaki. Kwa tamasha la uwanjani, hapana, hata boksi liseme nini.

Zamani uzito ulikuwa shahidi mzuri: transfoma kubwa, wati za kweli. XLS 1002 ina kilo chini ya 5, kwa kuwa pawa saplai yake ni ya kisasa na amplifaya ni ya daraja D. Kwa hiyo usiidharau nyepesi yenye karatasi kamili. Lakini ikiwa mashine ni ya mtindo wa zamani, yenye transista na hitisinki ndefu, uzito bado unasema. Hesabu transista za mwisho. Kwa jozi moja ya 2SC5200 na 2SA1943 halisi, mimi siamini zaidi ya wati 100 kwa kazi ya saa nyingi. Mashine yenye jozi mbili kila upande ikidai 1,000 kwa kila chaneli, haifiki. Na transista hizo mbili zinaghushiwa sana, hivyo hata hesabu yako ya jozi iwe ya tahadhari.

Kupima mwenyewe

Unahitaji rezista ya ohmu 8 ya wati 100 iliyofungwa kwenye hitisinki, multimita, na simu yenye mlio wa majaribio wa hezi 50 kwa besi na hezi 400 kwa spika ndogo. Multimita nyingi za bei ya chini husoma AC kwa usahihi mpaka hezi 400 tu, usipande zaidi. Andaa milio miwili: mmoja wa sauti kamili, wa pili ulioshushwa desibeli 6. Unga rezista badala ya spika. Kwenye sauti ya chini, mlio kamili utasoma volti mara mbili ya ule wa pili. Pandisha kidogo kidogo, ukibadilisha milio. Siku zote uwe mara mbili. Pale mlio kamili unapoanza kusoma pungufu ya mara mbili, wimbi limeanza kukatwa vichwa. Rudi hatua moja nyuma na uandike volti.

Ikisoma 10.6 kwa ohmu 8, ni 112 ÷ 8, wati 14. Fanya haraka, rezista inaunguza vidole. Rudia chaneli zote mbili zikiwa na rezista kwa wakati mmoja, na utazame namba inashuka kiasi gani. Pawa saplai dhaifu inajionyesha hapo. Kwa bodi za daraja D, matundu yote mawili ya spika yana umeme, hata jeusi, kwa hiyo usigusishe lolote kati yake kwenye bodi, kwenye ardhi wala kwenye jeusi la chaneli ya pili. Muuzaji mwenye kujiamini atakuruhusu kupima hivyo palepale dukani kabla hujalipa.